Wasike Alala Mbele ya Wageni

Mwaka ule wa 2007, ukitaka habari za mtaa wa Noonkopir hukuhitaji gazeti. Ungeingia kwa Nanjala Jumapili alasiri, upewe chai, ukae. Mumewe, Wasike, alikuwa na desturi yake siku za chama, akina mama wakija kuchanga pesa zao: anawasalimia, anachukua kofia, anatoka mpaka jioni. Mwanamume hakai kwenye kikao cha wanawake.

Lakini Jumapili hiyo Wasike alikuwa na shida yake. Mwezi uliopita alisinzia kwenye usukani wa basi la shule analoliendesha. Basi lilikuwa limesimama langoni, watoto wanateremka, hakuna aliyeumia. Ila mwalimu mkuu, Sironka, alimwona kwa macho yake.

"Wasike, nakuheshimu," alimwambia. "Lakini funguo zinabaki kwangu mpaka uniletee barua ya daktari."

Kliniki moja Nairobi ikagundua kwamba akilala, pumzi hukatika tena na tena usiku kucha. Ndiyo maana mchana alikuwa kama gunia. Wakamwazima mashine ndogo kama redio, yenye mpira mrefu na kifuniko cha pua. Inasukuma hewa ili koo lisijifunge. Ndani yake kuna kadi inayoandika kila saa aliyoitumia. Wiki mbili, akiitumia vizuri, barua atapata.

Siku kumi zikaisha na Wasike hajamaliza hata nusu saa. Chumba kikinyamaza, anabaki kusikiliza pumzi yake mwenyewe, ikiingia, ikitoka, kama askari anayemlinda mwizi. Moyo unaanza kwenda mbio, anakibandua kifuniko. Alipompigia simu nesi wa kliniki, Nthenya, akaambiwa, "Usingoje kulala, mzee. Kivae mchana, ukae tu ukiwa macho. Funga mdomo, hewa ipite puani. Uzoee."

Kwa hivyo saa nane alijifungia chumbani. Chama huanza saa tisa, na hakuna mama aliyewahi kufika kabla ya saa kumi. Angepata muda tele.

Siku hiyo walikuja saa nane na robo. Waruguru, mmoja wao, alikuwa na habari isiyoweza kungoja.

Wasike aliwasikia wakiingia sebuleni akanyamaza kimya. Mashine nayo ikaendelea: shhhh.

"Mama Moses!" Mwenzake, Ajwang, alimkatiza kwenye salamu, akamgeukia Nanjala. "Mtungi wa gesi unavuja! Husikii?"

"Iko chumbani hiyo!" Waruguru alipaza sauti. "Fungua madirisha! Asiwashe mtu kiberiti!"

"Hapana, ngojeni, hiyo ni..." Nanjala alianza, lakini Ajwang alikuwa ameshausukuma mlango. Wanawake watatu wakasimama pale wakimtazama Wasike, ameketi kitandani na fulana yake, mpira umening'inia puani.

"Woi! Baba Moses ako kwa oksijeni!" Waruguru alishika kichwa. "Na unatupikia chai tu, Mama Moses, hutuambii?"

Wasike alikitoa kifuniko. "Mimi si mgonjwa. Ni ya kukoroma."

Kisha Ajwang akacheka mpaka akashika ukuta. "Ya kukoroma! Na mume wangu ni posho mill ya kusaga unga, nimelala kando yake miaka kumi na mbili! Inapatikana wapi hii?"

Nanjala aliwaeleza yote: basi, barua, kadi, siku nne zilizobaki. Wasike alitamani sakafu ifunguke. Akanyoosha mkono achukue kofia.

"Unaenda wapi?" Ajwang akamzuia. "Si nesi amesema ukae nayo? Kuja hapa sebuleni. Hata sisi tuizoee."

Wakambebea mashine, wakaichomeka karibu na televisheni, wakamketisha kwenye kochi la pembeni. Akakivaa kifuniko tena, uso umemwiva kwa aibu. Kwa bahati, Waruguru hakuweza kujizuia zaidi.

"Sasa mnajua Gakuru ameuza ile ploti ya kona mara mbili? Jana wanunuzi wamekutana pale, kila mtu na fundi wake, kila mtu na mawe yake!"

"Uongo!"

"Haki! Huyu anachimba msingi, yule anaufukia!"

Wasike alimjua vizuri Gakuru, yule muuza viwanja. Alitega sikio. Fundi mmoja alifanya nini, mke wa mnunuzi wa pili alisema nini. Hakukumbuka kusikiliza pumzi yake. Sauti zikawa mbali, zikawa kama mvua kwenye mabati.

Alipofumbua macho, vikombe vilikuwa vimeoshwa na Nanjala alikuwa peke yake, akipanga viti.

"Umelala kwa saa mbili na nusu," alisema polepole. "Hukukoroma hata kidogo. Ajwang alikuwa anakuja kukuangalia kama bado unapumua."

"Na Gakuru? Aliwaambia nini?"

Nanjala alimtazama, akatabasamu. "Vaa usiku, nikusimulie."

Tangu siku hiyo hakukuwa na kimya tena chumbani. Nanjala aliongea gizani, ploti moja hadi nyingine, harusi hadi ugomvi wa kwaya, mpaka mumewe akaacha kuitikia. Nthenya alipoisoma kadi akasema usiku wa siku nne hautoshi, akamwongezea wiki. Wiki ikaisha bila pengo. Akaandika barua.

Sironka aliisoma mara mbili. Akatoa funguo kwenye droo, lakini hakumpa palepale.

"Leo naenda na wewe," alisema. "Nitakaa mbele."

Jioni wakatoka kuwarudisha nyumbani watoto wa upande wa Isinya. Mwalimu mkuu alikaa kiti cha mbele na mkoba magotini, macho hayatoki usoni kwa Wasike. Jua lilikuwa ndiyo linaanza kushuka. Kabla hawajafika katikati ya safari, Sironka alikuwa ameegemea kioo, mdomo wazi, anakoroma. Watoto wakaanza kucheka. Wasike aliweka kidole mdomoni awanyamazishe, akapunguza mwendo kwenye matuta.