Ua wa Masale

Mwika nzima, kuanzia sokoni mpaka msituni, hakukuwa na mtu aliyeaminiwa kidogo kama mzee Eliezeri. Akikuambia leo ni Jumapili, ulikuwa unatega sikio kwanza usikie kengele ya kanisa. Miaka na miaka alikuwa mpishi wa mlimani Kilimanjaro, akiwapikia watalii supu na chapati kwenye baridi ya kukata masikio, mpaka magoti yakamwambia basi. Akastaafu na chumba cha kupanga kule Njoro, mjini Moshi, na gunia la hadithi lisilopungua hata kidogo. Aliapa kwamba aliwahi kukaanga yai juu ya jiwe, kwa joto la hasira za mtalii aliyepotezewa soksi. Aliapa kwamba babu yake alivuna mkungu wa ndizi mkubwa hata mchungaji akauliza kama umeshabatizwa. Kuhusu baba yake, aliyekwenda kutafuta kazi kusini na asirudi, alikuwa na hadithi nyingi: katika moja baba alikuwa mfalme, katika nyingine aliliwa na mamba, na mamba ndiye akawa mfalme.

Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama yake, Eliona.

"Mama alikuwa akianika kahawa uani," angesema, macho yakimchezacheza. "Wingu likija, wenzake wanakimbia na maturubai. Yeye hakimbii. Anasimama, anashika kiuno, analitazama tu. Basi mvua inafika kwenye mpaka wa kihamba chetu, inaona aibu, inazunguka, inakwenda kumnyeshea jirani Mektrida. Ndiyo maana Mektrida hatupendi mpaka leo."

Watu wanacheka, yeye anaongezewa mbege, pombe ya ndizi, kwenye kata, siku inapita.

Hakuoa. Siyo kwamba alikataa. Aliahirisha tu, msimu baada ya msimu, kama mtu anayeahirisha kuziba paa kwa kuwa leo hakuna mvua. Akija kushtuka, wanawake wa rika lake wote walikuwa bibi za watu. Kihamba, lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa ambamo Mchagga huzaliwa na huzikwa, kwa desturi kilimwangukia kitinda mimba, mdogo wake Ebenezeri. Eliezeri hakugombana na mtu. Aliomba kitu kimoja. "Siku yangu ikifika," alimwambia mdogo wake, "nilazeni kando ya mama. Nafasi ipo, nimeshaipima kwa macho." Ebenezeri akakubali. Kisha Ebenezeri mwenyewe akatangulia, mkewe akamfuata, nyumba ikafungwa, na kihamba kikabaki mikononi mwa mtoto wao Godlove, mtu wa Dar es Salaam, kijana mwema mwenye haraka.

Desemba hii Godlove alipanda nyumbani na mkewe Brenda, watoto, na ukoo wa kutosha kujaza kanisa dogo. Eliezeri naye akapanda kutoka Njoro, magoti yakilalamika njia nzima, kwa sababu alikuwa ameambiwa jambo jema: mwaka huu makaburi ya wazee yatajengewa. Mawe ya marumaru yameshachongwa mjini, yana majina. Mchungaji atakuja jioni kuomba.

Aliposhuka kwenye pikipiki, hakupajua nyumbani.

Nyumba ya zamani haikuwepo. Zizi la ng'ombe halikuwepo. Mti wa mringaringa uliokuwa umeinamia zizi, ambao kivuli chake kilikuwa kikubwa kuliko paa, umekuwa kisiki, na kisiki chenyewe kilikuwa kimefukiwa. Pale palipokuwa na mteremko, tingatinga lilikuwa limepita, ardhi imelala sawa kama meza, na juu yake magari yameegeshwa. Na kandokando ya njia, kuanzia barabarani mpaka mlangoni pa nyumba mpya, ulikuwa umesimama ua mzuri wa kijani, umekatwa sawasawa kama nywele za askari.

"Shikamoo baba mkubwa!" Godlove alikuja mikono wazi. "Unaonaje? Si pamependeza?"

"Marahaba. Pamependeza." Eliezeri aliukaribia ule ua. Akashika jani moja refu, akalipitisha kati ya vidole. "Godlove. Haya ni masale."

"Eeh, ndiyo hayo hayo! Vijana niliowapata kwa simu wametumia akili. Yalikuwa yamejiotea hovyo kule nyuma, wakayang'oa, wakayakata vipande, wakayapanga hapa. Na yameshika yote, hakuna hata moja lililokufa."

Isale halifi, hilo Eliezeri alilijua. Ndiyo sababu wazee, kabla saruji haijawa kitu cha makaburini, walilipanda kichwani pa marehemu. Kiangazi kinapita, migomba inaanguka, isale linabaki pale pale kama mtu aliyeambiwa asubiri. Nyuma ya zizi yalikuwa masale ya watu watatu: bibi yake upande wa juu, mama katikati, na chini dada yake Salvina, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kusuka. La mama alilipanda Eliezeri kwa mkono wake.

"Sasa wewe ndiye tuliyekuwa tunakusubiri," Godlove akasema. "Fundi yupo, mawe yapo. Marehemu baba alikuwa akisema makaburi yako kule nyuma, na baba mkubwa anayajua kama kiganja chake. Tuonyeshe tu bibi yuko wapi, kazi ianze."

Eliezeri alitazama kule nyuma. Palikuwa uwanja mtupu, mwekundu. Zamani alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi, anauweka mringaringa upande wa bega la kushoto, anashuka hatua chache, anafika. Sasa mlango uko wapi? Bega la kushoto aliweke kwa nani?

"Sijui," akasema.

Wakaangua kicheko. Wote: Godlove, Brenda, fundi Elifuraha aliyeegemea koleo lake, hata watoto waliokuja kumsalimia babu.

"Aa, baba mkubwa naye!" Godlove alijifuta machozi. "Hata pumzi hajavuta, ameshaanza!"

"Babu, sema tu kwamba Bibi Eliona amehama," mtoto mmoja akadakia, "amekwenda kuishi kwa Mektrida!"

"Nasema kweli. Sijui. Alama ilikuwa masale, na masale mmeyang'oa."

"Haya, na mamba ndiye mfalme," fundi Elifuraha akamalizia, na kicheko kikaanza upya.

Mzee akawageuzia mgongo. Maisha yake yote alikuwa na maneno ya kuuza na ya kugawa bure; leo lile moja la kweli lilikuwa halina mnunuzi.

Akaanza kutembea kando ya ua. Alidhani labda atalitambua la mama. Lilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima, limegawanyika matawi, na moja lilikuwa na kovu pale mbuzi alipolitafuna. Lakini vijana walikuwa wametumia akili kwelikweli: vipande vyote vilikuwa kimo kimoja, unene mmoja, vimepandwa nafasi ileile. Mama alikuwa amekatwakatwa na kupangwa kuwakaribisha wageni. Huenda yuko hapa karibu na geti. Huenda yuko kule mlangoni, amechanganyika na Salvina. Eliezeri alikwenda mpaka mwisho wa ua, akarudi, akigusa kila isale kwa ncha za vidole, kama mtu anayesalimia msururu wa wageni arusini bila kumjua hata mmoja.

"Anayakagua," Brenda alisema kwa upendo, akimpiga picha.

Ndipo Eliezeri akamkumbuka Mektrida. Mektrida alikuwepo siku ya mazishi. Ni yeye aliyeanzisha wimbo pale kaburini, sauti yake ikakatika katikati. Sasa alikuwa kikongwe cha vikongwe, anaota jua barazani kwa mkwewe, ng'ambo ya mfereji. Eliezeri akavuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu Ebenezeri. Mbona umekonda? Mkeo hakupikii?"

"Mimi ni Eliezeri, mama."

"Eliezeri! Yule usinitajie. Huyo hata akikuambia jua limechomoza, toka nje ukaangalie. Keti."

Akaketi kwenye kigoda. "Mama, nisaidie. Siku tulipomlaza mama yangu, ulikuwa umesimama karibu. Ilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye mfereji? Mringaringa ulikuwa upande gani?"

Mektrida alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeamka vibaya.

"Nani amelazwa? Mama yako nimemwona asubuhi. Yupo uani, anaanika kahawa." Akanyanyua mkono uliokauka kama ganda la mgomba, akaonyesha wingu lililokuwa linajikusanya upande wa mlima. "Unaliona lile? Litafika pale mpakani kwenu, atalishikia kiuno, litageuka lije kwangu. Kila siku ananifanyia hivyo. Mwambie nimechoka."

Eliezeri alijaribu kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Hadithi ile aliitunga mwenyewe, kambini mlimani, huku akimenya viazi, kuwachekesha wapagazi. Ilishuka mlima kwa miguu yake, ikaenea vijijini, ikaingia barazani kwa Mektrida, ikamsukuma nje yule mwanamke aliyeimba kaburini, ikakaa yenyewe. Shahidi wa mwisho alikuwa amebaki na uongo wake tu.

Na yeye je? Akiwa bado kwenye kigoda, alifumba macho amtafute mama. Akamwona anashika kiuno na mvua inazunguka. Akasogeza hilo kando, atafute jingine. Alikuwa anapenda kula nini? Alikuwa anamwitaje alipokuwa mdogo? Ikaja hadithi nyingine, ya chui aliyembishia mama hodi. Hiyo nayo ni yake. Alikuwa ameongezea chumvi miaka mingi mno. Sasa chakula chenyewe hakionekani.

"Nitamwambia, mama," akasema, akainuka.

Aliporudi, watu walikuwa wanakula. Yuditha, mkwe wa Mektrida, ndiye aliyekuwa anagawa kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, kutoka kwenye sufuria kubwa. Eliezeri alipewa sahani, akaiweka chini. Alipewa kata ya mbege, akampa aliyekaa jirani. Watoto walimzunguka wakidai ile ya yai, akawaambia, "Kesho." Brenda ndiye aliyeanza kuona.

"Godlove," alimnong'oneza mumewe. "Baba mkubwa hajacheka tangu aje. Na hajasimulia hata moja."

Godlove alimtazama mzee aliyekuwa amekaa mwenyewe, uso umeelekea ule uwanja mwekundu.

"Ina maana ni kweli?"

"Kweli nini?" Yuditha aliuliza, mwiko mkononi. Alipoelezwa, aliuweka mwiko chini. "Mmeng'oa masale ya makaburini? Nyie watoto wa Dar! Nilikuwa nauona huo ua tangu umepandwa, nikadhani mmeyanunua mahali." Akashusha sauti. "Nenda na isale. Hapo hakuna maneno mengine."

Kila mtu pale alilijua hilo, hata waliozaliwa mjini. Mtu aliyekukosea, akikuletea isale lililofungwa fundo, huna ujanja. Utasamehe, hata kama bado unavuja damu. Isale halikataliwi. Anayelikataa ndiye anayebaki na kosa.

Godlove akaenda kwenye ua, kwani isale jingine halikuwepo. Akavunja jani, akalifunga fundo, akaja akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya sikukuu.

"Baba mkubwa, nimekosa. Sikujua. Nisamehe."

Eliezeri alilitazama lile jani. Moyoni mwake palikuwa na hasira ambayo, kama ingepewa jiwe, ingekaanga mayai ya kijiji kizima. Alikuwa na haki nayo. Na hakuruhusiwa kuitumia. Tena jani lenyewe, nani ajuaye, labda limetoka kichwani pa mama. Ni mama ndiye anamwombea huyu? Akanyoosha mkono, akalipokea.

"Simama, mwanangu. Yamekwisha."

Watu wakashusha pumzi. Lakini Godlove hakusimama.

"Mchungaji yuko njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Na zege limeshachanganywa. Baba mkubwa, hata kama hukumbuki vizuri... wewe sema tu. Ukisema ni hapa, ni hapa. Sisi tutakuamini."

Tutakuamini. Neno hilo alikuwa hajawahi kuambiwa tangu akiwa na meno yote.

Alisimama. Akatembea mpaka katikati ya ule uwanja, ukoo mzima ukimfuata, watoto wameshikana mikono. Alitafuta chini ya nyayo zake dalili yoyote, ubaridi, wororo wa udongo, chochote. Udongo ulikuwa udongo. Alijua kwamba popote atakaponyoosha kidole, watoto wa watoto hawa watakuja na maua. Na siku yake ikifika, watamleta yeye mwenyewe na kumlaza kando ya mahali hapo, na hakuna atakayejua amelala karibu na nani.

"Mama ni hapa," akasema. "Bibi yangu juu yake. Salvina chini."

"Na wewe baba mkubwa?" Brenda aliuliza taratibu. "Tuache nafasi upande gani?"

"Popote patakapobaki."

Hakuna aliyecheka. Elifuraha akapiga koleo, zege likamwagwa, mawe meusi yakasimamishwa, na jina la Eliona likang'aa katikati ya wenzake. Godlove alikuwa analia. Mama mmoja akaanza kuimba, wengine wakapokea, na wimbo ulikuwa ule ule wa siku ile. Au Eliezeri alidhani hivyo.

Wimbo haujaisha, tone la kwanza likamwangukia kwenye upara.

"Mvua! Leteni turubai!" Elifuraha akapiga kelele. "Zege bado bichi!"

Watu wakatawanyika, huyu akivuta turubai, yule akiwahi sufuria. Mzee alibaki. Lile wingu la mlimani lilikuwa limeshashuka mpaka mpakani mwa kihamba, jeusi, limejaa. Akaligeukia. Akalihamisha lile jani la isale mkono wa kushoto, na mkono wa kulia akauweka kiunoni, akalitazama.

"Babu, utalowa!" watoto walimwita kutoka barazani.

Hakugeuka. Alisubiri lione aibu.

Mvua ikaja. Ikanyesha kwenye magari na kwenye ule ua uliokatwa sawasawa, ikanyesha juu ya mawe matatu na juu ya udongo wote usio na jiwe, na kwa Mektrida pia, bila kuchagua.