Dereva Aliyeshika Feni

Mama Nanzala alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya pikapu, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, testa ya kupimia umeme ameing'ata kwa meno. Gereji yake iko mtaa wa Pioneer, Eldoret, nyuma ya kituo cha bodaboda, na kwa umeme wa magari watu humfuata hata kutoka Kesses. Pikapu yenyewe ilikuwa ya milango minne, mali ya kampuni inayosambaza dawa za kunyunyizia mahindi. Feni yake ya dashibodi ilipuliza ikitaka, ikanyamaza ikitaka.

"Inagoma saa gani hasa?" aliuliza.

"Asubuhi inapuliza poa, Mama," akasema Byron, dereva. "Nikishapakia mzigo, kwisha. Na hii baridi ya Eldoret, kioo inashika ukungu sioni barabara. Meneja anasema ni mimi naiharibu."

Nanzala alishapima fyuzi, relei, rezista na waya wa ardhi. Umeme ulikuwa unafika hadi kwenye mota bila wasiwasi. Fundi mwingine angebadilisha mota akakuaga, lakini yeye hana tabia hiyo. Umeme ukifika na feni isizunguke, alisema, basi kuna kitu kimeishika. Akafungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, akakitoa chote.

Nyuma ya kisanduku alikuwa ameketi Okumu, magoti kidevuni, kiganja cha kulia juu ya feni.

Okumu ndiye aliyeendesha pikapu hiyo kabla ya Byron. Alizikwa kwao Busia mwaka uliopita. Nanzala alimkumbuka vizuri, dereva wa kupima maji na oili kila asubuhi na kupangusa viti vya gari ambalo si lake.

"Habari ya kazi, Fundi," akasema Okumu, akakohoa.

"Nzuri. Hebu toa mkono tuone."

Akautoa. Feni ikapuliza vizuri kabisa. Nanzala akamwambia Byron arudishe ndani yale maboksi ya dawa yaliyokuwa yameshushwa kumpisha afanye kazi. Boksi la kwanza lilipogusa kiti cha nyuma, Okumu alirudisha kiganja mahali pake na feni ikatulia.

"Hizo chupa huvuja," akaeleza. "Hii ikizunguka, harufu yote inaenda kwa uso ya huyu kijana. Afadhali akose feni afungue dirisha."

"Si ziwekwe huko nje nyuma?" Nanzala akauliza.

"Meneja amekataa," Byron akasema. "Anasema huko zinaibiwa."

"Hata mimi nilimwambia," akasema Okumu. "Akasema hii kifua yangu nilizaliwa nayo."

Nanzala aliweka testa chini. Ameona ufundi wa kila aina katika maisha yake, lakini mtu kuacha mapumziko yake aje kushika feni kwa mkono, kwa ajili ya kijana ambaye hawakuwahi hata kusalimiana, hilo lilimshinda. Alimwambia Okumu waziwazi kwamba anamheshimu. Okumu akasema ni kazi tu.

Hata hivyo, si vizuri marehemu kubaki kazini. Nanzala akamtuma Byron Kesses amlete Bridgit, mjane wa Okumu, anayewapikia wanafunzi chapati. Kwa kina Okumu, mtu akifia mbali huitwa kwa jina pale alipofia, akaambiwa twende nyumbani, na njia nzima akatajiwa mito na madaraja mpaka afike. Ndugu za Okumu walimwita mochwari kwa heshima zote, wakamtajia kila mto hadi Busia. Walikosea mahali tu. Okumu alikata roho Cheptiret, ndani ya pikapu, akiwa ameshaiegesha kando ya barabara na kuvuta breki ya mkono. Kilichofika hospitali kilikuwa mwili.

Bridgit alikuja na koti la mumewe mkononi. Akapanda kiti cha abiria.

"Baba Aloo, nimekuja kukuchukua. Mwaka mzima nadhani uko nyumbani."

"Mliniita mochwari, na mimi nilikuwa hapa."

"Pole. Ilikuwa makosa yetu. Twende basi."

"Twende," akasema Okumu, lakini hakuutoa mkono. "Na huyu?"

Byron, aliyesimama mlangoni, aligeuza uso akakohoa ndani ya kiganja.

"Hiyo kikohozi ilianza lini?" Bridgit akamuuliza.

"Ni baridi tu, Mama."

"Hata huyu alikuwa ananiambia ni baridi."

Bridgit alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Alikuwa amemkosa kiasi ambacho hangeweza kukisema mbele ya watu, na huko Busia kaburi lilikuwa bado linamngoja mwenyewe. Akalikunjua lile koti alilokuja kumrudisha nalo, akalipitisha nyuma ya feni, akamvisha bega moja, kisha la pili.

"Basi kaa," akasema. "Lakini ukae umevaa. Huko ndani kuna baridi."

Nanzala akarudisha kisanduku na kukaza skrubu zake. Kisha akampigia simu Lawrence, meneja, akamwambia feni haina ubaya wowote, chupa ziwekwe nje nyuma zifunikwe kwa turubai, itapuliza.

"Mama, nilileta gari itengenezwe," akasema Lawrence. "Sikuuliza mahali pa kuweka mzigo."

Akaipeleka pikapu kwa fundi mwingine huko mjini. Huyo naye alifungua kisanduku, akasalimiwa, akaitikia, akafunga.

Jumatatu mvua ilianza mapema. Lawrence mwenyewe aliyapanga maboksi kwenye kiti cha nyuma, akayafunga mkanda yasianguke, akagonga bodi ya gari kuashiria kwamba tayari. Byron alimwamkia Okumu, akateremsha vioo vyote vinne, na wakaondoka kuelekea Cheptiret.