Swichi ya Randa ya Kijani

Ambakisye, seremala wa Mbebe, alikuwa amebakiza madawati kumi na mawili ya shule ya msingi wakati randa yake ya umeme ilipogoma. Ilikuwa mwaka 2008, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Randa yenyewe aliinunua Tunduma ikiwa imeshatumiwa na watu asiowajua. Ilikuwa ya kijani, nzito, yenye maandishi ambayo wilaya nzima ya Ileje hakuna aliyeweza kuyasoma. Aliifungua juu ya meza, akaikagua, akakuta kila kitu kizima isipokuwa swichi, kidude kisichozidi kidole gumba.

Akashuka Tunduma. Siku nzima alizunguka maduka ya umeme, na kila duka lilimwonyesha swichi za taa. Akavuka mpaka hadi Nakonde, ambako muuza vipuri mmoja alimwambia "takuli", yaani hamna, kisha akamuuzia swichi ya pasi. Haikuingia. Mwishowe akaelekezwa kwa Mzee Othmani, mtu wa Kondoa, aliyeuza mashine za mtumba nyuma ya maegesho ya malori.

Randa ya kijani ilikuwepo pale, pacha wa ile yake, kwenye rafu ya juu, imefunikwa kitambaa.

"Nahitaji swichi yake tu, mzee," alisema Ambakisye.

Othmani akaweka chini kikombe cha kahawa. "Mimi siuzi viungo, fundi. Hapa si buchani."

"Basi niuzie nzima. Swichi nitaitoa mwenyewe."

"Umeshaniambia unachotaka kumfanya. Nitakuuziaje?"

Ambakisye alidhani anapandishiwa bei, akataja bei kubwa zaidi. Othmani akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akainuka kwenda kuswali. Hapo mkewe, Bushra, aliyekuwa anapanga misumeno, akamsogelea mgeni.

"Hajakataa huyo," alisema kwa sauti ya chini. "Rudi na mtu mzima wa kwenu."

Ambakisye alirudi kesho yake na kaka yake Lwitiko, mzee wa kanisa, aliyekuwa ameshapeleka posa za vijana wengi wa ukoo. Walikaribishwa mkekani, wakapewa chai na kashata. Othmani akaanza kuuliza. Hiyo randa ya Mbebe inalala wapi? Karakana inavuja? Kuna mtu analewa pale? Ambakisye alikuwa akivimba kwa hasira, lakini Lwitiko alijibu kila swali taratibu, kana kwamba ameyasikia yote maishani.

"Na mna mashine ngapi nyingine?" Othmani aliuliza.

"Ni hiyo moja tu," alisema Lwitiko. "Na hatutaongeza."

Jibu hilo lilimgusa mzee. Aliitazama rafu.

"Nimeuza mashine miaka kumi na moja," alisema. "Zinaondoka mlangoni, sijui zinafikia wapi. Hakuna hata moja iliyoniletea salamu. Swichi nitawapa. Ila nitaitoa mwenyewe, na nitaisindikiza."

Wakafika Mbebe Alhamisi mchana, Othmani akiwa ameishika swichi ndani ya leso tangu Tunduma, bila kumpa mtu. Ambakisye akaifunga, akawasha jenereta, akabonyeza. Randa ikanguruma vizuri kabisa. Tumaini, mkewe, alitoka jikoni kusikiliza.

"Nipe niishike," alisema Othmani.

Ndipo ilipojulikana kwamba mzee huyu hajawahi kuranda ubao hata mmoja. Dukani alikuwa akiziwasha mashine zikiwa zimeinuliwa juu, mteja asikie mlio, basi. Sasa aliiweka randa juu ya mbao, akaisukuma, na maranda meupe yakajikunja yakamwangukia miguuni. Akaokota moja, akalinusa.

"Lete mbao nyingine," alisema.

Jioni ile hakuiachia. Ijumaa alikwenda Itumba kuswali, akarudi moja kwa moja karakanani. Jumamosi alikuwa bado anaranda. Ambakisye hakuweza kumnyang'anya mgeni kitu mkononi, tena mgeni aliyempa swichi. Akachukua randa ya mkono ya marehemu baba yake, akaendelea na madawati pembeni, jasho likimtiririka.

"Mzee, ubao huo umeshalainika," alijaribu kusema.

"Una kijibonde hapa. Gusa."

Ambakisye aligusa. Hakukuwa na kijibonde. Alitoka nje, akamkuta Lwitiko amekaa kwenye gogo.

"Kaka, atamaliza mbao zote."

"Ulitaka swichi," alisema Lwitiko. "Umepewa swichi na mkwe."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, pikapu ilisimama mbele ya karakana. Akashuka Bushra. Alimkuta mumewe na maranda hadi kwenye ndevu, anatabasamu peke yake. Bushra hakugombana. Alimsalimia Tumaini, akamsogelea mumewe kwa nyuma, akanyoosha kidole, akazima swichi. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hadi kuku wakashtuka.

"Duka limefungwa siku nne," alisema. "Aga, twende."

Othmani aliaga. Alimshika Ambakisye mkono muda mrefu, akageuka, akaishika na randa.

Jumatatu madawati kumi na moja yalifika shuleni yakiwa imara. La kumi na mbili lilikuja na ubao alioshughulikia Othmani, haujapigiliwa, umebaki mwembamba kama karatasi, na mwalimu mkuu, Mama Jenista, aliuinua kwa vidole viwili, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Aliagiza utundikwe ofisini, ubandikwe matangazo.

Wiki tatu baadaye randa ilizimika tena. Ambakisye akaifungua. Safari hii ilikuwa mkanda, umelika kwa kazi ya siku zile. Alijua ni mashine ipi yenye mkanda wa namna hiyo, na iko rafu gani. Alikaa juu ya benchi hadi chai ikapoa. Kisha akamwita Tumaini, akamwambia afue mashuka ya mgeni.