Gari Laini la Mkandarasi Levi

Mkandarasi Levi alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata maadui zake walimkubalia: alijua kumwaga murram, ule udongo mwekundu wa kokoto wa kutandazwa barabarani, kidogo ikaonekana nyingi. Barabara ya kilomita tisa ya kwenda machimbo ya dhahabu ya Masara aliipaka murram kama mchoyo anavyompakia mgeni siagi kwenye mkate, akaipiga picha, akarudi kwake Homa Bay. Mvua ya kwanza ikaondoka nayo. Yakabaki mashimo, na kati ya mashimo, mawe.

Ukaguzi ulipopangwa kuwa Alhamisi, mtu mwingine angeita greda. Levi alipeleka gari lake kubwa jeusi kwa Zubair, fundi wa mjini Migori, akamwambia alitaka liwe laini kiasi kwamba anayeketi ndani asijue anapita juu ya nini.

Zubair hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alijitahidi. Alimweleza kwamba springi hubeba gari na shoki huzituliza springi. Ukilegeza zote, mashimo madogo hayatasikika, ila gari likishaanza kuyumba halitajua kuacha.

"Litawabembeleza kwanza," alisema, "kisha litawachafua tumbo, bwana Levi."

"Wewe legeza, omera, ndugu yangu. Matumbo yao niachie mimi."

Na kweli aliyashughulikia. Alhamisi asubuhi aliwapokea wakaguzi wawili kwa supu ya mbuzi, samaki wa kukaanga na chapati. Mzee Benard, mkaguzi mkuu aliyebakiza miezi minne astaafu, alikula kama anayelipiza kisasi. Injinia Terry, msichana mrefu mwenye daftari, aliomba chai ya rangi tu. Levi alimwonea huruma. Mtu asiyekula cha watu atafika wapi?

Kilomita tatu za kwanza gari lilielea. Levi, aliyeshika usukani mwenyewe, alikaribia kuamini kwamba barabara ile ilikuwa nzuri. Mzee Benard, kwenye kiti cha nyuma, alifumba macho akasema hajawahi kukagua barabara tulivu hivi katika miaka thelathini, akaomba fomu atie sahihi mapema. Terry akamwambia wafike kwanza.

Kwenye kilomita ya nne kulikuwa na shimo refu. Gari lilizama, likainuka, likazama tena, na hata shimo lilipokuwa nyuma yao liliendelea kuinuka na kuzama. Kona ikafuata. Likalala upande huu, likalala upande ule. Uso wa Mzee Benard ukawa wa majivu. Alinyoosha mkono amguse Levi begani, na kabla hajatamka neno, supu, samaki na chapati vilirudi vyote, vikamshukia Levi shingoni hadi ndani ya kola.

Wakasimama. Mzee akapiga magoti kando ya njia. Terry alitoa rula, akachimba kidogo, akapima, akasogea hatua ishirini, akapima tena.

"Bwana Levi, mkataba unasema sentimita kumi na tano za murram. Hapa nimepata mbili."

Levi, akijifuta shingo kwa leso, alisema mvua ya mwaka huu haikuwa ya kawaida.

Mzee Benard alikataa kabisa kurudi ndani ya gari. Likapita lori tupu lililokuwa likienda kuchukua mawe ya dhahabu, springi zake zimekazwa kwa ajili ya mzigo wa tani kumi, na sasa halikuwa na mzigo ila mzee mmoja. Kila shimo lilimfikia mgongoni bila kupunguzwa. Alipofika Masara aliteremka taratibu, akishika kiuno, akaomba ile fomu. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba kazi irudiwe yote, akatia sahihi, na Terry, aliyemfuata kwa gari la Levi, akatia yake chini.

Wiki mbili baadaye Levi alikuwa juani na greda, akila vumbi lake mwenyewe. Alimweleza kila aliyepita kwamba yule injinia msichana hapendi maendeleo. Wachimbaji walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamwomba asogee kidogo, kwani alikuwa amesimama mahali ambapo murram ilitakiwa kumwagwa.