Mpangaji wa Bonge

Jumatatu, saa nne kasoro robo asubuhi, dereva wa foklifti aliyeitwa Bonge alisimama katika choo cha zahanati ya kampuni, ameshika kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu, na mkojo ukagoma. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, kama kanuni zilivyotaka, na nje yake nesi alikuwa akichonga penseli.

"Fungulia bomba, kaka," nesi alisema. "Ukisikia maji yanatiririka, nao utajileta."

Bonge akafungulia bomba. Mkojo ukaja, na mpangaji akaja nao. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la kijani lililopauka na kandambili zilizoshonwa kwa waya. Kikopo kilipowekwa mezani, alikaa ukingoni, miguu ameining'iniza upande wa nje isilowe.

"Shikamoo, babu," nesi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Umehamia lini?"

"Nimo tangu mwaka jana. Mara ya mwisho kuletewa godoro ni siku ya ishirini na tatu leo."

Nesi akavuta fomu. Ilikuwa na visanduku viwili tu, YUPO na HAYUPO, akatia alama kwenye cha kwanza.

"Lakini andika na hili," mzee alisema. "Kichwani sikai. Kichwani napita jioni moja, nacheka kidogo, nakula kilichobaki jikoni, kisha nashuka kwenye mafuta kulala. Ijumaa nilikuwa huku chini nakoroma. Usukani sijaugusa."

"Fomu haina nafasi ya hayo, babu," nesi alisema, akafunga kifuniko polepole ili asimbane vidole.

Usimwonee nesi. Alikuwa mtu mwema, na fomu hakuitunga yeye.

Bonge alikuwa mtu wa kilo mia moja na ishirini, mgongo wake umeharibiwa na miaka tisa ya kurukaruka juu ya kiti kisicho na sponji. Kwa mwaka mzima, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, alikwenda nyuma ya nyumba na shemeji yake, ndugu wa mkewe, wakavuta bangi msokoto mmoja kwa zamu. Mgongo ulinyamaza. Siku moja Bonge alimcheka kuku nusu saa nzima, mpaka kuku akaondoka kwa hasira. Hayo ndiyo madhara makubwa yaliyopata kuonekana. Uvumi wa vipimo ulipoanza kuvuma kazini, aliacha siku hiyo hiyo. Aliyekataa kuacha ni mpangaji.

Sasa ajali ya Ijumaa. Foklifti ile haikuwa na breki ya mkono tangu mwaka juzi. Bonge aliandika kwenye daftari la hitilafu mara tatu, na mara ya tatu meneja akajibu kwa kalamu nyekundu: *Tumieni jiwe.* Wakatafuta jiwe, kubwa kama sufuria ya familia, likawa ndilo breki. Bonge alipofika kwenye mteremko wa kupakilia alikanyaga pedali, akapaza sauti, "Tia breki!", na mpakizi akalisukuma jiwe chini ya gurudumu, akasema, "Tayari." Ndipo Bonge alishuka kwenda kusaini karatasi za mzigo. Kwa miaka miwili jibu lilikuwa hilo moja, na mwisho wake Bonge aliacha kulisubiri. Alikuwa akisema na kushuka kwa pamoja.

Ijumaa wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja. Meneja alitoka ofisini baada ya chakula cha mchana, uso unang'aa, akaamuru kila kinachozagaa uani kiondolewe. Mfagizi, mama mwenye bidii kupita mshahara wake, akaliokota jiwe, akalipaka chokaa, akalipanga na mawe mengine kuzunguka bustani ya maua ya getini. Likapendeza kweli.

"Tia breki!" Bonge akasema, akashuka.

"Breki hakuna," mpakizi akasema.

Foklifti ikaondoka na tani moja ya vigae. Haikukimbia. Ilipita mbele ya wageni kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani, na wageni wawili wakaipungia mkono wakidhani ni sehemu ya ratiba. Kisha ikaingia ukuta wa choo cha wafanyakazi, na ukuta ukalala. Ndani alikuwa mhasibu, ameketi, gazeti mkononi.

"Kuna mtu," mhasibu alisema.

Aliumia kidole kidogo cha mguu. Meneja akatangaza kwamba Jumatatu wote waliohusika watapimwa, naye mwenyewe akiwamo, maana sheria ni msumeno.

Jumamosi na Jumapili nyumbani kwa Bonge zilikuwa za kumhamisha mpangaji. Bonge alikuwa na hofu, na hakuificha: kodi, ada za watoto wawili, na mgongo ambao usingepata kazi nyingine popote. Alikunywa maji ndoo nzima. Mpangaji akachungulia kitovuni akaomba taulo. Mkewe akampa ndimu, siki na tangawizi, na kilichopatikana ni kiungulia. Shemeji, ambaye hakuwa na kazi na kwa hiyo hakuna aliyempima, alishauri mazoezi. Bonge akazunguka uwanja mara nne akihema. Mafuta yalipoanza kuyeyuka mpangaji akatoka mpaka mlangoni, anapikicha macho.

"Ukikimbia ndiyo unanitoa barazani," alisema. "Ungetulia, pengine nesi angepita asinione."

"Babu, kwani utahama lini?" mke wa Bonge aliuliza.

"Mama, mimi siwezi kukudanganya. Kwa mtu mwembamba aliyenialika mara moja, siku tatu ninaaga. Lakini mumeo amenialika mwaka mzima, na ana vyumba. Wiki mbili nyingine, labda zaidi."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mke alisema, na kwa kuwa jembe hawakuwa nalo, akampa ufagio. Mzee akafagia ua wote bila kinyongo. Alifagia vizuri, hata kwenye pembe.

Ndivyo ilivyokuwa hadi Jumatatu, kikopo kilipofungwa. Baada ya Bonge aliingia meneja. Aliingia anapiga mluzi, akajaza kikopo chake mpaka juu, akakiweka mezani kando ya kile cha Bonge. Nesi akaangalia. Hakuna aliyekaa ukingoni.

"Hayupo," nesi alisema, akatia alama.

"Huyo alikuwapo," mpangaji alisema kutoka chini ya kifuniko chekundu, sauti imebanwa kidogo. "Kijana mrefu, viatu vinang'aa, ananukia pombe kali. Ijumaa saa nane alikuwa amekaa kichwani kwa meneja, mguu juu ya mguu. Yeye ndiye aliyesema mawe yaondolewe."

Hilo halikuwa siri. Kijana yule alifika kila siku ya kazi baada ya chakula cha mchana, na mlinzi alimwandika kwenye kitabu cha wageni, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Jumamosi asubuhi alikuwa ameshaondoka na mkoba wake.

"Babu," nesi alisema, "mimi napima waliopo. Walioondoka hawanihusu."

Meneja akanawa mikono, akaenda zake.

Kikao cha nidhamu kilikaa Jumatano. Walikuwa meneja, mhasibu mwenye bandeji kidoleni, na bibi wa makao makuu aliyekuwa mmoja wa wale wawili waliopunga mkono. Kikopo kiliwekwa katikati ya meza, kando ya jagi la maji, na kwa kuwa mpangaji ametajwa kwenye fomu, aliruhusiwa kusema. Akaeleza habari za daftari la hitilafu, ukurasa kwa ukurasa. Akaeleza wino mwekundu. Alipofika kwenye jiwe, mhasibu akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu alilijua jiwe, kila mtu alilijua. Halafu akakumbuka nani anasaini likizo yake, akakiacha kichwa kitulie.

"Mzee wangu, tusizunguke mbuyu," meneja akasema. Ilikuwa saa tisa, na kijana wa viatu vya kung'aa alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akimpepea. "Swali ni moja. Upo au haupo?"

"Nipo," mpangaji akasema. Alikuwa mzee mkweli, na ukweli wake ndio uliomponza mwenyeji wake.

Bonge akafukuzwa kazi saa tisa na dakika kumi. Alilia pale pale, machozi ya mtu mzima, na bibi wa makao makuu akamsogezea jagi.

Siku ya thelathini na tisa mpangaji alikunja godoro lake asubuhi na mapema, akalitwika kichwani, akamshukuru Bonge kwa ukarimu na mkewe kwa ufagio. Bonge akaona mwili wake umekuwa mpana kama nyumba iliyohamwa. Akaenda moja kwa moja zahanati ya kampuni, akaomba kikopo. Nesi akampa. Wakangoja, hakuna aliyekaa ukingoni.

"Hayupo," nesi alisema. "Hongera, kaka." Akampa fomu, na Bonge akaikunja mara nne akaitia mfukoni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpelekea.

Njiani kutoka alipita kwenye maua ya getini. Jiwe lilikuwa pale pale, jeupe. Kule juu ya mteremko foklifti ilikuwa imesimama na mzigo, na juu ya kiti alikaa dereva mpya, mama mmoja mwembamba, asiye na mpangaji wala mgeni, mguu wake umekanyaga pedali. Hasira ikampanda Bonge mpaka masikioni. Akainama, mgongo ukalia, akalinyanyua jiwe.

"Rudisha, kaka," mlinzi akasema. "Hiyo ni bustani."

"Hii ni breki."

"Najua. Lakini kwenye orodha yangu imeandikwa bustani."

Bonge akasimama nalo kitambo, amelikumbatia tumboni. Kisha akalirudisha, akaligeuza upande uliopakwa vizuri ukatazama barabarani.

"Yule mama hashuki?" aliuliza.

"Ameambiwa asishuke. Akishuka, gari linaondoka."

"Kutwa?"

"Kutwa."

"Na akibanwa na mkojo?"

Mlinzi alitazama juu ya mteremko, kisha akatazama kitabu chake cha wageni.

"Amepewa kikopo," alisema.