Kufuli la Solomon

Katika miezi mitano mume wangu Solomon alikuja kuniona Jeddah mara moja tu, na mara hiyo moja nilimnyang'anya simu. Naanzia hapo kwa sababu mengine yote yalitokea hapo.

Mimi nafanya kazi za nyumbani kwa Madam Amal, mtaa wa Aziziya. Napewa Ijumaa moja kwa mwezi ya kupumzika, na hata hiyo inategemea kama madam hana wageni. Solomon ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha biskuti Riyadh. Tumeoana mwaka wa tisa huu, mtoto wetu Alvin analelewa na mama yangu Kakamega, na tangu tufike huku tunaonana kwenye kioo cha simu. Kutoka kwake hadi kwangu ni karibu saa mbili za ndege. Kwa basi ni siku nzima, ukifika mgongo umekufa.

Matumaini yetu yote yalikuwa kwenye mafunzo. Kampuni yao ilikuwa inafungua tawi Jeddah na ilitaka fundi mmoja kutoka Riyadh, aliyefaulu mafunzo ya usalama wa mitambo. Wiki mbili za darasa, halafu mtihani Jumamosi. Mwalimu aliitwa Hamdan, mtu mzima mzaliwa wa Jeddah ambaye wazee wake walitoka Unguja. Solomon alikisifu Kiswahili cha mwalimu huyo kuliko alivyowahi kunisifu mimi.

Kila jioni alinisomea alichofundishwa. Kabla fundi hajaingiza mkono ndani ya mashine, anazima umeme kwenye swichi kubwa. Swichi hiyo anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, jekundu, lenye jina lake na picha yake, na ufunguo anautia mfukoni. Mafundi wakiwa wawili, makufuli mawili. Mashine haiwashwi mpaka kila mtu aje atoe lake kwa mkono wake. Nilikariri naye huku nikipiga pasi kanzu za bosi, na nawaambia, mtihani ule ningeufanya mimi na kupita.

Basi Ijumaa hiyo, siku moja kabla ya mtihani, akatua Jeddah saa tano asubuhi. Nilikuwa nimevaa abaya yangu mpya na nimejitia manukato ya madam, kidogo tu, asigundue. Kabla hata hatujaondoka uwanja wa ndege simu yake ikaita. Fundi mwenzake fulani, anauliza kuhusu mtihani. Nikamnyooshea mkono.

"Baba Alvin, leta hiyo kitu hapa. Leo ni siku yangu."

Akacheka, akanipa. Nikaizima, nikaitia ndani ya mkoba wangu na kufunga zipu.

Tukaenda Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Tulitembea chini ya zile nyumba za zamani zenye madirisha ya mbao yaliyochongwa, polepole, kama watu wasio na bosi. Aliniambia nimekonda. Nikamwambia yeye amenenepa, kumbe biskuti wanakula wao wenyewe. Tukapanga chumba tutakachokodisha akihamia, na rangi ya pazia. Mimi nilitaka kijani.

Tulisimama kwenye kigari cha dengu za kuchemsha, zile wanazotia siki na pilipili. Solomon akaingiza mkono mfukoni atoe pesa, na pamoja na pesa ukatoka ufunguo mdogo wenye kibao chekundu. Kibao kilikuwa na picha yake. Akautazama, na nikaona uso unambadilika.

"Mama Alvin, nipe simu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

"Kwani ni nini?"

Akanieleza haraka, maneno yakigongana. Asubuhi hiyo alikuwa kazini. Ijumaa kiwanda husimama hadi saa nane mchana, na mafundi hutumia nafasi hiyo kutengeneza mashine. Yeye na msaidizi wake, Griffins, walikuwa wanabadilisha visu, kazi ya kula asubuhi nzima, ndani ya mashine ya kukandia unga, pipa la chuma ambalo mtu mzima anaingia na kuchuchumaa. Solomon alizima umeme, akaifunga swichi kwa kufuli lake. Griffins akamwambia, nenda ukamwone shemeji, nitamalizia mimi, usikose ndege. Solomon akaenda. Ufunguo akaubeba makusudi, ili mtu yeyote asiweze kuiwasha mashine mwenzake akiwa ndani.

"Sasa shida iko wapi?" nikauliza. "Si kufuli liko?"

"Lina jina langu, na mimi sipo. Mlinzi aliniona nikitoka na begi. Timothy wa zamu ya mchana akija, ataambiwa Solomon ameenda zake. Atasema nimemaliza kazi nikasahau kufuli. Atalikata."

"Na Griffins? La kwake?"

Griffins hakuwa na kufuli. Alikuwa bado hajaingia darasani, kwa hiyo hajapewa. Sheria ilisema msaidizi asiye na kufuli asiingie mashineni. Lakini hawa wawili wanakaa chumba kimoja mtaa wa Al-Shumaisi, Riyadh, wanalala kitanda kimoja kwa zamu, wanapika sufuria moja, hata sabuni ni moja. Solomon alikuwa amemwambia, ingia tu, nimetufungia sisi wote.

"Mpigie huyo Griffins mwenyewe," nikasema.

"Tukiwa mashineni simu zetu zinabaki kwenye kabati. Nipe simu, Velma."

Hiyo ilikuwa mara ya pili, na kwa jina langu, ambalo halitumii.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Nitasema ukweli. Mkono wangu ulikuwa juu ya zipu ya mkoba na sikuufungua. Nilijua akipiga, watajua aliacha kazi katikati, akaondoka na ufunguo, akamwacha mtu ndani bila kufuli, na yote hayo siku moja kabla ya mtihani. Jeddah itakuwa imekwenda. Nikajiambia Griffins ameshatoka zamani, yuko chumbani anakula. Nikajiambia saa nane bado. Nikaliona lile pazia la kijani. Griffins sikuwa nimewahi kumwona, na mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu, na nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu. Nilimchukia Griffins kwa wema wake. Nilitamani wote wawili, Solomon na mimi, tuwe hatujauona ule ufunguo.

Hakuninyang'anya mkoba. Alinyoosha tu mkono, kiganja juu.

"Mama Alvin. Tafadhali."

Hiyo ya tatu. Nikafungua zipu.

Simu ilichukua muda kuwaka. Ilipowaka ikaingia meseji ya kampuni ya simu kwamba Timothy alikuwa amepiga mara tano, mara ya mwisho dakika mbili zilizopita. Solomon akampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Akarudia, hola. Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Akampigia Mwalimu Hamdan, ambaye siku hizo alikuwa amepewa chumba cha wageni pale pale kiwandani. Mtu wa kumsahihishia mtihani.

"Mwalimu, ni Solomon. Niko Jeddah."

"Jeddah? Wafanya nini huko?"

"Kufuli langu liko kwenye mashine ya kukandia. Ufunguo ninao mimi. Ndani kuna mtu, Griffins, na hana kufuli lake. Timothy anataka kulikata."

Mwalimu hakuuliza tena. Tulisikia mlango ukifunguliwa kwa nguvu, kisha kandambili zikikimbia kwenye sakafu, na pumzi za mtu mzima ambaye hajakimbia siku nyingi. Solomon aliibandika simu sikioni na mimi nikabandika sikio langu upande wa pili. Muuza dengu alikuwa ametushikia bakuli mbili na hakuna aliyezipokea.

Kisha tukasikia sauti ya Hamdan, kali. "Timothy! Wacha! Weka chini hicho chuma!" Na sauti nyingine ikijitetea kwamba kufuli limeshakatika, kwamba mwenyewe alishaondoka, kwamba swichi ndiyo alikuwa anaenda kuiwasha. Halafu chuma kikigongwa, na Hamdan akiita, "Griffins! Mwanangu, umo humo?"

Nilishika mkono wa mume wangu hapo mtaani, watu wakipita.

Ikachukua muda. Halafu sauti ya kijana ikaja kwenye simu, ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeamshwa.

"Solo? Nilikuwa nawasikia wakiongea hapo nje. Nikadhani ni wewe umerudi."

Solomon akakaa chini kando ya kigari cha dengu akalia. Mimi sikulia hapo. Nililia usiku, bafuni kwa madam, maji yakiwa yamefunguliwa.

Hamdan alirudi kwenye simu kabla ya kukata. "Solomon, mtihani wa kesho usije."

"Ndiyo, mwalimu."

"Siwezi kukupasisha, mwanangu. Wajua kwa nini."

"Najua."

"Ahsante kwa kunipigia."

Nafasi ya Jeddah ilikwenda kwa fundi mwingine. Solomon alipewa barua ya onyo na akaambiwa arudie mafunzo mwakani. Ijumaa zangu tatu zilizofuata nililala tu.

Mwezi wa nne tangu siku ile kengele ya mlangoni ikalia, madam akaniita kwamba nina mgeni, dakika kumi, halas, basi. Alikuwa Griffins. Alikuwa anaenda nyumbani likizo na ndege yake ilipitia Jeddah, akaona aje anisalimie. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kumkunjia uso mtu huyo. Kumbe ni mwembamba, ana mwanya, na alikuwa amebeba pakiti sita za biskuti alizotumwa na Solomon. Kwenye begi alikuwa ameninginiza kufuli jekundu lenye picha yake.

"Hili ni langu sasa, shemeji," akasema. "Mwalimu alinifundisha mwenyewe."

Nilimletea chai ya maziwa, tukakaa kwenye ngazi za nje. Aliipokea kwa mikono miwili, vidole vyote kumi vikiwa vimekizunguka kikombe.

"Shemeji, nimekuja kukushukuru wewe," akasema. "Solo ametuambia sisi wote. Alisema hata hakukuomba. Alisema ulimwona tu uso, ukaitoa simu mwenyewe."

Solomon aliniomba simu mara tatu. Nilizihesabu. Naye alizihesabu.

Nilitazama ile mikono mpaka Griffins akaniuliza kama kuna kitu. Nikamwambia hakuna, anywe, chai inapoa.