Sahihi Nyuma ya Picha

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma kabisa ya jengo la kufulia, pale zinapoletwa shuka za mahoteli zikiwa bado na unyevunyevu, na mle ndani mvuke haukatiki. Mwenye miwani akiingia huivua, la sivyo ataamkia ukuta. Humo ndimo alimofanya kazi mwanamke ambaye wenzake walimwita Mama Pasi. Yeye aliliridhia jina hilo, kwani lile la kwake wenyeji wa nchi ile walilitamka kama watu wanaotafuna kitu cha moto.

Mama Pasi alikuwa na kaugonjwa kake, kuota akiwa macho wazi. Mkono unakwenda, pasi inakwenda, na akili nayo imeshika njia zake. Akitandaza shuka mezani alimwona binti yake amekaa kitako pale pembeni, mtoto wa miaka sita, miguu inaning'inia, anauliza maswali yasiyo na mwisho. Usidhani alikuwa mzimu. Alikuwa binti yake vilevile alivyomwacha siku aliyosafiri, na kwa miaka yote iliyopita mtoto huyo wa mvukeni hakuwahi kuongezeka hata ukucha.

Mtoto wa kweli alikuwa nyumbani kwa bibi yake, na huyo alikuwa ameongezeka haswa. Mwezi uliofuata angetimiza miaka kumi na minane. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana sheria ya nchi ile ilimruhusu mama kumleta mwanawe, lakini mtoto tu. Akishatimiza kumi na minane anakuwa mtu mzima, anakwenda kupanga foleni yake mwenyewe na dunia nzima. Kwa hiyo ama karatasi zikamilike kabla ya siku hiyo, ama mama na mwana waendelee kusikilizana kwenye simu mpaka wazeeke.

Karatasi zenyewe zilitakiwa zithibitishwe ubalozini: nakala ya pasipoti ya mama, nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na picha ya mtoto iliyopigwa studio. Nyuma ya picha hiyo mzazi anaandika kwa mkono wake kwamba hii ni sura halisi ya mwanangu, anatia sahihi mbele ya ofisa, na ofisa anagonga muhuri. Ukisikia hivyo unasema, hilo nalo ni neno? Mama gani atashindwa?

Picha ilifika ndani ya bahasha ya kaki, imeandikwa kwa mwandiko wa Bibi unaopanda mlima. Mama Pasi aliifungulia kazini, kwa sababu hakuweza kungoja mpaka afike chumbani kwake. Akaitoa. Msichana mwenye nywele fupi za shule akamtazama, kola nyeupe, midomo imefungwa.

Hakuhisi kitu.

Alingoja kidogo, kama mtu aliyebonyeza swichi na taa ikachelewa. Alijua kwamba moyo ungepaswa kuruka. Haukuruka, na aibu iliyompata ilikuwa nzito kiasi kwamba aliigeuza picha kifudifudi na kuendelea na foronya. Ni kweli alikuwa hajaiona sura ile kwa muda mrefu. Binti alisoma shule ya bweni wasikoruhusiwa simu, na likizo alikuwa kwa Bibi, mwenye simu ya vibonyezo isiyojua kupiga picha. Lakini alijiuliza, mama ni wa kuhitaji picha?

Basi akajifundisha. Aliiegemeza picha kwenye chupa ya maji, na kila alipogeuza shuka aliitupia jicho. Siku ya kwanza aliona paji la uso, akasema moyoni, hilo ni la baba yake, Mungu amrehemu. Kesho yake akayaona masikio, akayapa ukoo. Mwenzake wa meza ya pili, mzee aliyekunja shuka miaka mingi hata wakamwita Mkunjaji, alipita na kuinama.

"Binti yako?"

"Binti yangu."

"Kidevu ni chako kabisa," Mkunjaji akasema, na Mama Pasi akamshukuru kuliko ilivyostahili.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Yule mtoto wa miaka sita akaanza kuchelewa kuja mvukeni, na mahali pake akaja msichana wa kwenye picha. Huyu hakuuliza maswali. Aliketi ameshika mikono, akitazama pasi ikipita, na Mama Pasi alimsimulia kila kitu: chumba watakacholala, dirisha linalotazama reli, duka la pembeni ambalo mwenyewe ana wivu na nyanya zake, hataki ziguswe. Msichana alisikiliza kwa adabu. Shuka zilikwisha bila Mama Pasi kujua zilivyokwisha, na jioni alirudi kwake akitembea kama mtu aliyeshikwa mkono. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli, hilo asidhulumiwe.

Ubalozini, dirisha la nyaraka lilikuwa la mwanamke wa makamo ambaye watu wa foleni walimwita Mama Muhuri. Hakuwa mkali wala hakuwa mpole. Alikuwa na mafua ya kudumu. Alisoma karatasi kwanza, kisha akamtazama mwenye karatasi, jinsi mtu anavyolinganisha viatu kabla ya kununua.

"Ndiye huyu?" akauliza, kidole juu ya picha.

"Ndiye," Mama Pasi akajibu, hata hakupepesa macho.

"Andika."

Akaandika, akatia sahihi. Mama Muhuri akagonga muhuri mara moja, kwa nguvu, akapenga kamasi, akaita mwingine. Faili lilibaki pale pale likingoja kupelekwa ofisi ya uhamiaji, na Mama Pasi akatoka barabarani akiona kila kitu kinang'aa, hata mapipa ya taka.

Jumapili simu ikalia. Ilikuwa namba ya Bibi, lakini sauti ilikuwa ya binti, aliyekuwa likizo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeshatia sahihi, unajua? Imeshagongwa muhuri."

Nyuma yake ilisikika redio ya jirani.

"Mama, ile picha siyo yangu."

Alieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Siku waliyokwenda studio walikwenda wawili, yeye na binti wa Mjomba anayekaa nao, aliyehitaji picha za chuo. Mpiga picha alimkabidhi Bibi bahasha mbili. Bibi, kwa macho yake yale na kiburi chake cha kutovaa miwani, akapeleka posta ile isiyo yenyewe. Binamu alipofika chuoni kufungua bahasha yake, akakuta sura ya mwenzake.

"Kwa hiyo uliyemtilia sahihi ni yeye," binti akasema. "Uliandika kwamba ni mwanao."

Mama Pasi alikaa kitandani. Alitaka kusema kwamba wanafanana, kwamba ni damu moja, kwamba hata mzee mmoja kazini alisema kidevu. Maneno yote hayo yalifika kwenye meno yakarudi.

"Hukuona?" binti akauliza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Niliona," Mama Pasi akasema. "Siku ya kwanza niliona. Halafu nikajilazimisha."

Bibi akaichukua simu, maana Bibi hawezi kuacha watu wazungumze. "Sikiliza wewe. Kosa ni langu na nimeshalikubali, msinizike nalo. Lakini muhuri si umeshagongwa? Hao mabinti wamelala kitanda kimoja, wamekula sahani moja. Nani huko atajua? Ukianza kupangua, siku zitapita na mtoto atabaki huku. Nyamaza tu."

"Mama, yeye mwenyewe anasemaje?" Mama Pasi akamuuliza.

"Ametoka nje," Bibi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Amevaa viatu vyangu akatoka."

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu mvukeni. Msichana wa kwenye picha aliendelea kuja, na sasa Mama Pasi alimjua: ni mpwa wake, binti wa kaka yake, aliyekuwa akimwita Shangazi kwenye simu kwa sauti ya kukwaruza. Alikuwa ameketi pale siku zote zile akisikiliza habari za chumba kisicho chake, asikatize, kama watoto waliolelewa vizuri. Mama Pasi alimwomba radhi. Msichana akashuka mezani, akapita kati ya shuka zilizoning'inizwa, na mwisho pakabaki shuka peke yake. Yule wa miaka sita naye hakurudi. Pembe ya meza ikawa pembe ya meza, na mwanamke mzima akasimama pale na pasi yake akilia bila kuficha, huku Mkunjaji akijitia kutafuta kitu chini ya toroli.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Lakini aliwaza binti aliyetoka nje na viatu vya bibi yake, akaona kwamba akinyamaza, mtoto huyo atakuja na kuishi naye akijua hadi kufa kwamba mama yake alimkubali mtu mwingine na kuacha hivyo hivyo. Akapiga moyo konde. Akamwambia Bibi aichukue picha yenyewe kwa binamu na kuituma kwa njia ya haraka, na yeye akarudi dirishani.

"Nilisema uongo," akamwambia Mama Muhuri. "Yule si mwanangu. Ni mpwa wangu."

Mama Muhuri aliweka leso chini. Alimtazama uso kabla ya karatasi, jambo ambalo foleni nzima ililiona.

"Ulijua?"

"Sikujua. Ndilo lililo baya zaidi."

Mama Muhuri alilivuta faili, akaipiga ile picha mistari miwili ya wino mwekundu. Alisema faili litaondoka wiki ijayo, likiwa na picha au bila picha, na kwamba hawezi kulizuia hata kwa ajili ya mama yake mzazi. Kisha akaita mwingine.

Bahasha ya pili ilifika siku ambayo faili lilikuwa lichukuliwe. Mama Pasi aliifungulia mbele ya dirisha, kwani hakutaka kuizoea tena sura kabla ya kuijua. Msichana mwenye nywele fupi. Kola nyeupe. Midomo imefungwa. Akaiangalia kwa muda mrefu, akingoja moyo umwambie.

"Ndiye huyu?" Mama Muhuri akauliza.

"Naambiwa ndiye."

"Siwezi kugonga muhuri juu ya naambiwa, mama."

"Najua."

Watu nyuma yake wakaanza kukohoa kile kikohozi cha foleni. Mwanamume mmoja akauliza kama hapa watu wanathibitishwa au wanaposwa. Mama Pasi alitoa simu yake, akaiweka kwenye kibao cha dirisha, akapiga nyumbani. Mama Muhuri alifungua kinywa ili akataze, kisha akajishughulisha na pua yake.

"Mama?"

"Nimeishika picha yako mkononi," Mama Pasi akasema. "Nipo dirishani. Sitaki kuandika kitu nisichokijua. Nieleze uso wako."

"Nikueleze vipi?"

"Unavyouona wewe kwenye kioo. Anza popote."

Foleni, kwa udaku wa kawaida wa foleni, ikaacha kukohoa ili isikie.

"Nyusi ya kushoto ina kovu," sauti ikaanza, kwa kusitasita. "Nilianguka kwenye ukuta wa jirani. Bibi alikuambia nimejikwaa, kwa sababu alikuwa amelala."

Kovu lilikuwepo, jembamba, nywele hazikuota juu yake. Mama Pasi alilipitishia kidole.

"Nimeliona."

"Jicho moja dogo kuliko lenzake. Nikichoka ndiyo linazidi. Siku hiyo nilikuwa nimechoka."

"Nimeliona."

"Midomo nimeifunga kwa sababu jino la mbele limekatika. Tangu darasa la sita."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unafurahi kila ukipiga. Sikutaka kukuharibia siku."

Hapo ndipo moyo ulipofanya jambo, lakini haukuruka kama alivyoungoja. Uliuma, mahali maalumu, kwa ajili ya mtu maalumu. Midomo ile iliyofungwa, aliyoidhania ni adabu ya studio, ilikuwa ya mtoto anayeficha jino ili mama yake asihuzunike. Alivuta kalamu, akaigeuza picha, akaandika kwa herufi kubwa za polepole kwamba hii ni sura halisi ya mwanangu. Ilibaki sahihi tu. Mama Muhuri alikuwa ameshainua muhuri wake.

"Umemaliza kuandika?" binti akauliza.

Mama Pasi aliigeuza tena picha upande wa sura.

"Bado," akasema. "Sijafika masikioni. Endelea."

Mama Muhuri akautua muhuri mezani, taratibu, akaiambia foleni isubiri.